Slack na Teams: ushindi wa mezani

Mwaka 2019 nilikuwa mtu wa IT kwenye kampuni moja hapa Dar, wafanyakazi kama 60 hivi, na tulikuwa tunatumia Slack, programu ya kuchati ofisini, ile ya bure, karibu mwaka mzima. Tulianza watu 8 tu, kimya kimya bila kumuomba mtu ruhusa, alafu watu wa masoko wakajiunga, alafu huduma kwa wateja, mpaka ikafika mahali ukimtumia mwenzako imeli ndani ya ofisi anakuuliza kwani umenuna? Sasa Slack ya bure enzi zile ilikuwa inakuonyesha meseji 10,000 za mwisho tu, za nyuma zipo lakini zimefichwa mpaka ulipe, na kwa watu 60 wanaochati kutwa nzima 10,000 ni kitu cha siku chache sana. Siku tulipotafuta makubaliano ya bei na mteja mmoja tukakuta zimeshaenda nyuma ya pazia, nikatumwa nikaombe bajeti.

Nikapiga hesabu. Dola 6.67 kwa kichwa kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, mara watu 60, mara miezi 12, ikaja dola 4,800 na chenji, kwa reti ya wakati ule kama milioni 11 za Kitanzania. Nikaprinti nikaenda kwa mama mhasibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umeniletea nini tena."

Akasoma, akavua miwani, akavuta faili, akatoa invoisi ya Office ya Microsoft akaiweka pembeni ya karatasi yangu. Office tulikuwa tunalipia dola 12.50 kwa kichwa, na humo ndani kuna imeli, Word, Excel, na terabaiti moja ya kuwekea mafaili kwa kila mtu. Akaweka kidole kwenye ile yangu. "Hii ya kuchati tu ni zaidi ya nusu ya hii yote?" Nikaanza kueleza habari za chaneli, habari za kutafuta meseji ya mwaka jana kwa sekunde 2, akanikata: "Na humu kwenye Office si kuna kitu kinaitwa Teams? Kijana aliyetuuzia alikitaja. Kinachati?"

Kinachati ndiyo mama, ila...

"Basi mwanangu. Mtu hanunui maji ya chupa huku amekaa chini ya bomba."

Dakika 4, labda 5, kwisha habari. Mi nilitoka pale nimenuna kweli kweli, nikajua nimeshindwa kujieleza. Imenichukua miaka kuelewa kwamba hata ningejieleza vipi jibu lilikuwa lile lile, kwasababu mechi ya Slack na Microsoft dunia nzima ilichezwa kwenye meza ya namna ile, karatasi 2 zimelala sambamba na mtu wa kuzilinganisha ambaye yeye mwenyewe hachati. Kwenye mpira wetu tunaijua hii, timu inaondoka na pointi 3 na magoli 3 ya mezani, na hakuna aliyepiga shuti golini.

Turudi mwanzo kidogo maana hawa Slack wana historia tamu. Stewart Butterfield, jamaa wa Canada, amefeli mara 2 kutengeneza gemu na mara zote 2 akatoka na kitu kikubwa kuliko gemu lenyewe. La kwanza, kule Vancouver mwanzoni mwa miaka ya 2000, gemu halikufika popote lakini kipande cha kushea picha kikawa Flickr, Yahoo wakainunua 2005. Mara ya pili kampuni iliitwa Tiny Speck, gemu likaitwa Glitch, likatoka Septemba 2011 na Desemba 2012 likazimwa. Lakini wakati wanalitengeneza, timu ilikuwa imetawanyika miji tofauti, na walikuwa wanaongea kupitia mfumo wa zamani wa kuchati ambao waliuunganishia viraka vyao wenyewe, cha kuhifadhi meseji, cha kutafuta, cha kuleta taarifa kutoka kwenye seva. Gemu likafa, wakajiangalia wakagundua hakuna hata mmoja wao anayetaka kurudi kufanya kazi bila kile kimfumo. Wakakisafisha, Agosti 2013 wakaanza kugawa kwa waliotaka kujaribu, Februari 2014 wakafungulia kila mtu. Hiyo Oktoba tu kampuni ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 1. Miezi 8!

Na mwezi ule ule wa Februari 2014, kule Redmond, makao makuu ya Microsoft, Satya Nadella akakabidhiwa uongozi wa kampuni. Hakuna uhusiano, ni kalenda tu, ila mi huwa naipenda hiyo.

Kilichowafanya Slack wapendwe, na neno ni kupendwa maana watu walikuwa wanaifanyia kampeni maofisini kama mgombea, ni kwamba ilikuwa inaingilia mlango wa nyuma. Haikuja kupitia kwa bosi wa IT. Watu 5 wa timu moja wanafungua akaunti ya bure saa 4 asubuhi, saa 6 wameshazoea, wiki ijayo idara ya jirani inachungulia. Kampuni ya softwea ya maofisini kwa kawaida inaajiri jeshi la wauzaji wa suti, wanapeleka wateja chakula cha mchana miezi 9 ndo mkataba usainiwe. Slack walikaa muda mrefu bila jeshi hilo, mtumiaji ndo alikuwa muuzaji. Walipojisajili kuingia soko la hisa mwaka 2019 walionyesha mashirika zaidi ya 600,000 yanaitumia, kati yake 88,000 ndo yanalipa. Mapato ya mwaka ule wa fedha yalikuwa dola milioni 400 na ushee, hasara karibu milioni 140.

Angalia kitu kingine humo humo kwenye makaratasi yao. Kati ya hao 88,000, wateja 575 tu, wale wanaolipa zaidi ya dola laki moja kwa mwaka, ndo walikuwa wanaleta karibu asilimia 40 ya hela yote. Yaani sifa ilitoka kwa vikundi vidogo vya watu 8 kama sisi, lakini hela ilikuwa kwa wakubwa. Na kwa mkubwa mlango wa nyuma unaisha. Ukishafika watu 3,000 lazima kuna siku karatasi inafika mezani kwa mtu wa manunuzi, na yule mtu wa manunuzi ana faili la Microsoft kwenye kabati lake tangu enzi za disketi.

Sasa Microsoft. Mwaka 2011 walitoa dola bilioni 8.5 wakanunua Skype, mwaka 2012 bilioni 1.2 wakanunua Yammer, yaani walikuwa na vitu vya kuongelea ofisini vya kumwaga na hakuna aliyekuwa anavifanyia kampeni. Machi 2016 ikaripotiwa kwamba ndani ya Microsoft walifikiria kuinunua Slack kwa bilioni 8, Bill Gates miongoni mwa waliokataa, bora tuiboreshe Skype yetu. Wakaenda kutengeneza cha kwao.

Tarehe 2 Novemba 2016 wakaitangaza Teams, na asubuhi hiyo hiyo Slack wakanunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times, wakawaandikia Microsoft barua ya wazi. Ukiisoma leo inaumiza kidogo. Wanawapongeza, karibuni kwenye ushindani, alafu wanawapa somo: si wingi wa vipengele unaofanya kitu kama hiki kifanye kazi, lazima mfungue milango kwa programu za wengine, na lazima mkifanye kwa upendo. Waliojua historia wakakumbuka Apple walivyowakaribisha IBM kwa tangazo la namna hiyo hiyo mwaka 1981, IBM walipoleta kompyuta yao ya mezani. Na tunajua IBM na jamaa zake walivyoliteka soko lile miaka iliyofuata. Mi nashangaa nani pale Slack alikaa kwenye kikao akasema jamani tuige ile.

Somo lenyewe halikuwa baya. Kila neno mle ndani ni la kweli kama unaongea na mtumiaji. Shida ni kwamba walikuwa wanaongea na mtumiaji wakati Microsoft wanaongea na mama mhasibu.

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Teams ilipotoka rasmi Machi 2017 haikuwekewa bei. Iliwekwa tu ndani ya vifurushi vya Office 365 vya biashara, unaamka asubuhi unaikuta. Kifurushi cha chini kabisa wakati huo kilikuwa dola 5 kwa kichwa kwa mwezi, kina imeli, kina hifadhi ya terabaiti, kina Word na Excel za kwenye brauza, na kina Teams. Slack ya kulipia ya chini kabisa 6.67. Soma tena hiyo. Kuchati peke yake ni ghali kuliko ofisi nzima yenye kuchati ndani. Na kama kampuni yako inataka mfanyakazi aingie Slack kwa akaunti ile ile ya kazini bila pasiwedi nyingine, kitu ambacho kampuni yoyote ya ukubwa wa kueleweka inakitaka, hiyo haikuwa kwenye 6.67, ilibidi upande daraja la dola 12.50, bei ile ile hadi senti ya kile kifurushi chetu cha Office kilichokuwa mezani kwa mama.

Watu wanasema Teams ilikuwa bure. Haikuwa bure, wale wahandisi wa Redmond hawali hewa. Ilikuwa na bei ila bei yake imechanganywa kwenye bando na ukinunua bando la mwezi lenye dakika, data na meseji, niambie meseji moja umeilipia shilingi ngapi? Hujui, na anayekuuzia hataki ujue. Alafu aje mtu barabarani anauza meseji peke yake, nzuri, zinafika haraka, zina imoji, utamnunulia? Na anayekumbuka kusema rahisi ghali hapa naomba akae, maana kwa mhasibu aliyeshalipia bando, meseji za ziada kweli ni sifuri, hajakosea hesabu hata kidogo.

Na Slack kwa uungwana wao wakajiumiza zaidi. Walikuwa na utaratibu kwamba mtumiaji akikaa siku kadhaa hajaingia, hela yake inarudi kwenye akaunti yako kama salio, unalipia wanaotumia tu. Ni haki, ni kitu kizuri, sijaona wengi wanafanya. Lakini maana yake kila mwezi invoisi inaorodhesha vichwa na kukukumbusha vichwa vina bei, na kila idara mpya ikijiunga namba inapanda na mtu anapigiwa simu. Kule kwa jirani unaongeza watu 200 kwenye Teams na karatasi haisogei hata senti, kwasababu hao 200 walishalipiwa siku waliyofunguliwa imeli.

Alafu kuna kazi ya watu wa IT ambayo mtumiaji haioni. Ukitaka kuingiza softwea mpya kwenye benki au shirika kubwa kuna maswali ya usalama kurasa na kurasa, data inakaa nchi gani, nani ana funguo, wanasheria wasome mkataba, mkaguzi aulize. Microsoft hayo yote yalishajibiwa miaka mingi kabla, Teams imeingia kwa mkataba uliokwishasainiwa. Mfanyakazi mpya ukimfungulia imeli, Teams imo. Akiachishwa kazi Ijumaa jioni unafunga akaunti moja na milango yote inajifunga. Mi nimekuwa huko, nakwambia ukweli hata kama nilikuwa mtu wa Slack, ule usiku wa Ijumaa nilikuwa naishukuru ile akaunti moja.

Kwa hiyo namba zikaja zilivyokuja. Julai 2019 Microsoft wakatangaza Teams ina watumiaji milioni 13 kwa siku, Slack walikuwa na milioni 10 na kitu. Novemba wakasema 20. Slack wakajibu sawa lakini watu wetu wanaitumia kweli, mtumiaji wa kulipia yuko kazini humo zaidi ya dakika 90 za shughuli kwa siku, sio kuifungua kwa bahati mbaya. Naamini ilikuwa kweli. Ila ni hoja ya aliyepigwa kwenye mezani, anasema sisi tulimiliki mpira.

Hisa ya Slack iliingia soko la New York tarehe 20 Juni 2019 kwa alama ya WORK, siku ya kwanza ikafunga dola 38.62. Mwaka 2020 ikaja korona, dunia nzima ikahamia kwenye skrini. Ungetegemea kampuni inayouza mahali pa kufanyia kazi bila kuonana ipae hadi mawinguni. Teams ikatoka milioni 44 mwezi Machi, 75 Aprili, 115 Oktoba. Hisa ya Slack Novemba hiyo kabla fununu za kununuliwa hazijaanza ilikuwa chini ya dola 30, chini ya walipoanzia, katikati ya mwaka ambao ungepaswa kuwa mwaka wao.

Sasa kuna watu hapa huwa wananibishia, na wana hoja. Wanasema kama bando linaua, mbona Zoom haikufa? Teams ilikuwa na vidio vilevile, ilikuwa haina bei vilevile, na Zoom ikaingia sokoni Aprili 2019 kwa dola 36 ikafika Oktoba 2020 imepita 500. Swali zuri sana na nimelifikiria. Jibu langu ni kwamba Zoom ilikuwa ya kuongea na mtu wa nje. Mteja, mgeni, shangazi aliyeko Muscat, mchungaji, mwalimu. Unamtumia linki anabonyeza, haijalishi ofisini kwake wana bando gani. Uamuzi unabaki mkononi mwa anayeitisha mkutano. Slack yenyewe ni ya ndani, inakuwa na maana pale tu ofisi nzima ikiwa humo, na kitu cha ofisi nzima kinaamuliwa na mtu mmoja mwenye faili. Slack wenyewe walilijua hilo, ndo maana Juni 2020 wakasukuma kwa nguvu chaneli za kuunganisha kampuni na kampuni, ili wawe wa nje na wao. Wazo zuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo kwa maoni yangu, na lilichelewa.

Hapo hapo niwalaumu kidogo maana siwezi kuwafanya malaika. Mwaka 2020 Butterfield alikuwa anawaambia waandishi kwamba Teams inashindana zaidi na Zoom kuliko na wao. Kwa upande wa teknolojia alikuwa sahihi, watu wengi waliokuwa Teams wakati wa korona walikuwa kwenye vikao vya vidio. Lakini hilo ndo lilikuwa tatizo lake lenyewe! Mtu ameingia Teams kwa ajili ya kikao cha saa 3, kikao kimeisha, sanduku la kuchati liko pale pembeni linamkodolea macho, ataandika meseji pale pale au atafungua programu nyingine? Slack vidio yao ilikuwa ipo ipo tu. Waliachia mlango ambao watu wote walikuwa wanapitia mwaka ule.

Na wengine walishasoma alama za nyakati mapema. Atlassian, kampuni kubwa ya Australia, walikuwa na programu zao za kuchati ofisini, HipChat na mdogo wake Stride, Julai 2018 wakatangaza kuzizima zote, haki zake wakawauzia Slack wenyewe wakaendelea na biashara zao nyingine. Walipoona wachezaji wawili wa uzito ule hawakusubiri kuhesabiwa.

Julai 2020 Slack wakaenda kuwashtaki Microsoft kwa Tume ya Ulaya, refa wa ushindani wa biashara kule. Malalamiko yao kwa ufupi, Microsoft wameifunga Teams kwenye Office ambayo tayari imeshika soko, wanaiweka kwenye kompyuta za mamilioni ya watu bila kuombwa, wanazuia isitolewe, na wanaficha bei yake halisi. Hiyo ya mwisho ndo ninayoiona ya msingi, hayo mengine ni mapambo. Watu wa umri wangu tulisoma habari za Netscape miaka ya 90, brauza ilikuwa inauzwa, Microsoft wakaweka ya kwao ndani ya Windows, serikali ya Marekani ikawapeleka mahakamani 1998, na kesi ilipokuja kumalizika Netscape haikuwa tena mtu wa kumuogopa. Ulaya nao 2004 waliwapiga faini ya euro milioni 497, ndani yake kukiwa na habari ya programu ya kuchezea muziki waliyoifunga kwenye Windows. Kwa hiyo mchezo ulikuwa unajulikana na refa alikuwa anajulikana, na kasi ya refa ilikuwa inajulikana pia.

Hawakusubiri. Tarehe 1 Desemba 2020, miezi minne na ushee tu baada ya kushtaki, Salesforce, kampuni kubwa ya Marekani ya softwea za mauzo, wakatangaza kuinunua Slack kwa dola bilioni 27.7, dili likafungwa Julai 2021. Usiwaonee huruma sana basi, bilioni 27.7 si msiba, ni zaidi ya mara 3 ya zile 8 za Microsoft za 2016. Na kiakili ilikuwa na mantiki: kama meza ya manunuzi inaheshimu faili nene tu, basi ingia kwenye faili nene la mtu mwingine. Salesforce nao wana wauzaji wao wa suti na mikataba yao ya miaka 3. Kampuni iliyojengwa ili isiuzwe kwa bando ikaishia kuwa ndani ya bando. Butterfield akaondoka mwanzoni mwa 2023, na Slack tangu hapo imebadilisha bosi zaidi ya mara moja. Ile meseji 10,000 za bure nayo Septemba 2022 wakaibadili ikawa siku 90, na bei ya chini ikapanda toka 6.67.

Na refa? Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi rasmi Julai 2023, miaka 3 kamili baada ya malalamiko. Microsoft wakaona mbali, Oktoba mwaka huo wakaanza kuuza Office bila Teams huko Ulaya, Aprili 2024 wakafanya hivyo dunia nzima. Juni 2024 Tume ikawaandikia kwamba kwa mtazamo wake wa awali wamekuwa wakiifunga Teams kinyume cha sheria tangu angalau Aprili 2019, na marekebisho yao hayatoshi. Septemba 2025 wakamalizana: hakuna faini, Microsoft wanabanwa na ahadi za kisheria, nyingi za miaka 7, zile za kuruhusu programu za wengine ziunganike na data ihamishike ni miaka 10, na tofauti ya bei kati ya kifurushi chenye Teams na kisicho nayo inapanuliwa kwa asilimia 50 kwa baadhi ya vifurushi. Skype yenyewe, ile ya bilioni 8.5, walishaizima Mei mwaka huo na watu wakaambiwa wahamie, hebu kisia wapi.

Ila kuna kitu kwenye hilo punguzo la kwanza la Ulaya, la 2023, nataka mkitazame kwa karibu. Ukichukua kifurushi bila Teams unapunguziwa euro 2 kwa kichwa kwa mwezi. Ukitaka kuinunua Teams peke yake ni euro 5. Kitu kile kile, ukikitoa kina thamani ya 2, ukikirudisha kina thamani ya 5. Miaka yote watu walikuwa wanauliza bei ya Teams ni ngapi, na jibu lilipokuja likawa mawili. Sishangai Tume waliona haitoshi. Hata mchuuzi wa Kariakoo anayeongeza fungu la nyongeza akikuambia nyongeza hii ukiirudisha nakupa mia 2, ukiitaka tena mia 5, utamwangalia mara mbili.

Na tuwe wakweli, muda huo wote Teams nayo ilikuwa inanyooshwa. Ya zamani ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 2023 Microsoft wenyewe walileta mpya wakijisifu kwamba inafanya kazi hadi mara 2 haraka na inakula nusu ya memori, na ukitangaza hivyo maana yake unakiri ya kwanza ilikuwaje. Lakini waliweza kukaa na programu nzito miaka 6 bila kupoteza wateja. Slack wangefanya hivyo miezi 6 tu tungekuwa tunaongea habari nyingine. Hiyo ndo raha ya kuwa ndani ya bando, unapata muda wa kukosea.

Mwaka jana nilipita pale ofisini kwetu zamani kusalimia. Mama mhasibu bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe zote, na Teams inalia tii tii kwenye kompyuta yake sasa na yeye anachati kuliko vijana. Nikamsimulia kwa furaha, mama unakumbuka ile karatasi yangu, Wazungu wamekuja kusema ile haikuwa halali, saivi unaweza kununua Office bila Teams.

Akaniangalia juu ya miwani. "Nikiitoa wanapunguza ngapi?"

Nikamwambia Ulaya walianza na euro 2 kwa kichwa.

Akageukia skrini, akajibu meseji ya mtu kwanza, ndo akasema, "Acha ikae."